Henri Carton de Wiart na sheria iliyoishia ufukweni

Brussels

Alikuwa wakili, mwandishi wa riwaya na, kwa muda wa mwaka mmoja hivi, Waziri Mkuu wa Ubelgiji. Hata hivyo, Henri Carton de Wiart anakumbukwa zaidi kwa sheria ya Mei 15 mwaka 1912, iliyowaondoa watoto wa Ubelgiji mbele ya mahakama za watu wazima na kuwapa hakimu wao wenyewe. Watoto wa Kongo, waliokuwa wakati huo chini ya bendera hiyo hiyo, hawakuguswa na sheria hiyo. Iliwabidi kusubiri miaka 38, na walichopata mwishoni hakikuwa kile walichopata wenzao wa Brussels.

Carton de Wiart alizaliwa mjini Brussels Januari 31 mwaka 1869, katika ukoo wa Kikatoliki wenye mali, elimu na majina makubwa. Msomaji wa Afrika Mashariki pengine amewahi kukutana na jina la ukoo huo mahali pengine: binamu yake Adrian, mzaliwa wa Brussels pia, alikuwa afisa katika jeshi la Uingereza na alipoteza jicho lake moja vitani huko Somalia mwaka 1914. Yule alikuwa mtu wa bunduki. Huyu wetu alikuwa mtu wa vitabu na mahakama.

Alipokuwa kijana wa miaka 17, mnamo Machi 1886, wafanyakazi wa migodi na viwanda vya vioo katika majimbo ya Liège na Hainaut waligoma, wakavunja na kuchoma, na jeshi likatumwa kuwazima. Wengi waliuawa. Ubelgiji ya siku hizo ilikuwa miongoni mwa nchi zenye viwanda vingi kuliko nyingine zote za bara la Ulaya, lakini haikuwa na sheria yoyote ya maana ya kumlinda mfanyakazi, sembuse mtoto wa mfanyakazi. Ni baada ya ghasia hizo tu ndipo Bunge lilipopitisha, Disemba 1889, sheria iliyokataza watoto wa chini ya miaka 12 kuajiriwa viwandani. Miaka 12. Na elimu ya lazima haikuja hadi Mei 1914, kwa hiyo kwa robo karne mtoto wa miaka 10 au 11 aliyefukuzwa kiwandani hakuwa na shule iliyolazimika kumpokea. Alibaki barabarani, na barabarani ndiko alikokutana na polisi.

Kizazi cha Carton de Wiart kilikulia katika hali hiyo. Baada ya kusomea sheria aliingia katika uwakili mjini Brussels, akawa mmoja wa viongozi wa mwanzo wa kundi la vijana ndani ya Chama cha Wakatoliki walioitwa wanademokrasia wa Kikristo. Vijana hao walitaka chama chao kiache kuwa chama cha wenye mashamba na viwanda peke yao. Mwaka 1895 alishiriki kuanzisha gazeti lililoitwa Haki ya Jamii. Mwenzake mkubwa katika kazi hiyo alikuwa wakili mwingine wa Brussels, Jules Renkin. Naomba msomaji alihifadhi jina hilo, kwa sababu litarudi.

Mwaka 1896 alichaguliwa kuwa mbunge wa Brussels katika Baraza la Wawakilishi. Aliendelea kukikalia kiti hicho hadi alipofariki, miaka 55 baadaye. Katikati ya siasa alipata nafasi ya kuandika. Riwaya yake ya mwaka 1905 kuhusu kuangamizwa kwa mji wa Liège katika mwaka 1468 ilipendwa mno hata jina la kitabu, Mji Uwakao, likageuka kuwa jina la utani la mji wenyewe. Watangazaji wa mpira wa miguu wa Ubelgiji wanalitumia mpaka leo, nami sidhani kama wengi wao wanajua kwamba wanamtaja waziri wa sheria.

Swali lisilo na haki

Ili kuelewa alichokifanya, yafaa kwanza kuitazama hali aliyoikuta. Kanuni ya Adhabu ya Ubelgiji ya mwaka 1867 haikuweka umri wa chini ambao mtoto hawezi kushtakiwa. Mtoto wa miaka minane aliyeiba makaa ya mawe kituoni aliweza kusimamishwa mahakamani kama baba yake. Ikiwa hakutimiza miaka 16, mahakama ilitakiwa kujiuliza swali moja tu: je, alitenda hali akijua anachokitenda? Ikiwa jibu ni ndiyo, alipewa adhabu, iliyopunguzwa kidogo, na kupelekwa gerezani. Ikiwa jibu ni la, aliachiwa huru kwa maandishi, kisha aliweza kukabidhiwa serikali na kufungiwa katika shule ya maadilisho kwa miaka mingi kuliko yule aliyepatikana na hatia.

Hapo ndipo palipokuwa na dhihaka. Wa kwanza alitumikia wiki chache gerezani. Wa pili, aliyehesabiwa kuwa hana hatia, aliweza kukaa ndani ya kuta mpaka awe mtu mzima wa miaka 21. Mawakili waliijua hesabu hiyo, na mzazi maskini aliyeweza kupata ushauri aliambiwa kwamba ni afadhali mwanawe aonekane mwovu mwenye akili kuliko mjinga asiye na kosa.

Na shule zenyewe? Ile ya Ruiselede, huko Flanders, ilianzishwa mwaka 1849 kama shule ya kilimo kwa wavulana, na nyingine zilifuata. Humo waliwekwa pamoja watoto ombaomba, mayatima, wezi wadogo na vijana waliokwisha kuzoea ukatili. Wakosoaji wa wakati ule walilalamikia zaidi hatari ya watoto wadogo kufundishwa uhalifu na wakubwa. Lile jambo jingine, la mdogo kupigwa, kunyang'anywa chakula na kutishwa usiku na mkubwa, lilichukuliwa kuwa sehemu ya maisha. Uonevu baina ya watoto haukuwa bado na jina katika sheria za nchi yoyote. Anayesoma leo kuhusu mabweni ya namna hiyo, akiwa amepitia shule ya bweni ya kwetu, hahitaji kuelezwa sana.

Mtu wa kwanza kutaka kuivunja hali hiyo alikuwa Jules Le Jeune, Waziri wa Sheria kuanzia mwaka 1887 hadi 1894, ambaye pia alileta sheria ya kuwaachia wafungwa kwa masharti. Agosti 1889 alipeleka Bungeni mswada wa ulinzi wa watoto. Mswada huo ulikaa kabatini miaka 23. Sababu kubwa ilikuwa mamlaka ya baba. Wabunge wengi, hasa wa upande wa Wakatoliki, waliona kwamba kumruhusu hakimu kuingia nyumbani na kumnyang'anya mzazi haki juu ya mwanawe ni kubomoa nguzo ya jamii.

Wakati Ubelgiji ikisita, wengine walitangulia. Mahakama ya kwanza ya watoto duniani ilifunguliwa Chicago mwaka 1899. Uingereza ilipata sheria yake kuhusu watoto mwaka 1908. Huko Brussels, mke wa Carton de Wiart, Juliette Verhaegen, alikuwa miongoni mwa watu waliozifuatilia habari hizo kwa makini, kwani alishughulika na mambo ya wafungwa na ya watoto wanaofikishwa mahakamani. Mtu anayeandika maisha ya mume bila kumtaja mke huyu anaandika nusu ya habari.

Hakimu mmoja kwa mtoto mmoja

Juni 1911 Carton de Wiart aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya Charles de Broqueville. Aliutoa mswada wa Le Jeune kabatini, akaupangusa vumbi na kuupanua. Kwa kuwa alikuwa Mkatoliki asiyetiliwa shaka, aliweza kuwaambia Wakatoliki wenzake jambo ambalo wasingelikubali kutoka kwa mwanasoshalisti: kwamba mamlaka ya mzazi ni amana, na kwamba anayeitumia vibaya hujivua mwenyewe. Sheria ilitiwa saini Mei 15 mwaka 1912, siku 18 tu kabla ya uchaguzi mkuu.

Lile swali la kama mtoto alijua anachokitenda lilifutwa. Mtu wa chini ya miaka 16 hakupewa tena adhabu kwa kosa lake, isipokuwa hatua ya kumlinda, kumlea na kumwelimisha. Katika kila mahakama ya wilaya aliteuliwa hakimu wa watoto, akaketi peke yake, na watoto hawakupangwa tena foleni moja na walevi na wezi wa usiku. Hakimu aliweza kumkaripia mtoto na kumrudisha kwao, kumweka kwa familia nyingine au katika taasisi, au kumkabidhi kwa serikali. Uamuzi wake haukuwa wa mwisho; aliweza kuubadilisha kadiri mtoto alivyobadilika.

Pembeni mwa hakimu waliwekwa maafisa wa uangalizi, wengi wao watu wa kujitolea, waliomtembelea mtoto nyumbani, shuleni na kazini na kumpelekea hakimu taarifa. Wazazi waliowatesa au kuwatelekeza watoto wao waliweza kunyang'anywa mamlaka yao. Adhabu za wanaowadhuru watoto ziliongezwa. Mwaka uliofuata kituo cha serikali cha kuwachunguza watoto kilifunguliwa huko Mol, chini ya mwalimu Maurice Rouvroy, ili mtoto ajulikane kwanza ni nani kabla ya kuamuliwa apelekwe wapi. Katika mji mkuu, hakimu Paul Wets akawa sura ya mfumo mpya, na wageni kutoka nchi nyingine walikuja kumtazama akifanya kazi.

Tusiipambe kupita kiasi. Sheria ile ilimpa hakimu nguvu kubwa mno. Mtoto hakuwa mbele yake mtu mwenye haki zake. Alikuwa mtu anayefanyiwa wema, na anayefanyiwa wema haulizwi. Hatua ya kumweka chini ya serikali haikuwa na muda uliojulikana. Baba aliyechoshwa na ukaidi wa mwanawe aliweza bado kumlalamikia kwa hakimu ili afungiwe. Tena nyumba zilizokaguliwa zilikuwa nyumba za maskini. Katika mtaa wa Marolles, unaoanzia chini kabisa ya Jumba la Mahakama la Brussels, umaskini ulikuwa ushahidi tosha dhidi ya mama. Watoto wa matajiri walipigwa pia, lakini hakuna afisa aliyebisha hodi kwenye majumba yao.

Pamoja na hayo, naamini Carton de Wiart alikuwa sahihi katika jambo la msingi, na ndiyo maana Ubelgiji iliitumia sheria hiyo kwa zaidi ya nusu karne, mpaka ilipobadilishwa Aprili 8 mwaka 1965. Alilihamisha swali. Kabla yake hakimu aliuliza mtoto amefanya nini. Baada yake alilazimika kuuliza mtoto ametoka wapi na anahitaji nini.

Meza moja, mawaziri wawili

Sasa turudi kwa Jules Renkin.

Kongo ilikuwa imeondolewa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili na kufanywa koloni la Ubelgiji Novemba 15 mwaka 1908. Waziri wa kwanza wa Makoloni alikuwa Renkin, yule yule mwenzake Carton de Wiart katika gazeti la Haki ya Jamii. Mwaka 1912 marafiki hawa wawili walikuwa katika baraza moja la mawaziri. Mmoja alishughulikia watoto wa Ubelgiji, mwingine aliitawala nchi yenye ukubwa wa takriban mara 80 ya Ubelgiji, pamoja na watoto wake wote.

Sheria ya mwaka 1912 haikutumika Kongo. Kisheria jibu lilikuwa jepesi: Mkataba wa Ukoloni wa mwaka 1908 ulitamka kwamba koloni ni kitu mbali, na kwamba litaongozwa kwa sheria zake maalumu. Kwa hiyo kila haki iliyopatikana Brussels ilisimama ufukweni ikisubiri amri nyingine ya kuivusha, na amri hiyo ilitegemea wizara ya Renkin na warithi wake.

Lakini Kongo haikukosa kabisa sheria za watoto. Tangu Julai 1890, wakati wa Leopold, kulikuwa na amri iliyoipa dola ulezi wa watoto waliokombolewa utumwani, waliotelekezwa au waliopotelewa na wazazi. Amri ya Machi 1892 iliruhusu mashirika ya hisani na ya kidini kupewa ulezi huo. Katika karatasi ilikuwa huruma tupu. Katika utekelezaji, dola ilijenga makambi ya watoto, kama yale ya Boma na Nouvelle-Anvers, ambako wavulana walifundishwa nidhamu ya kijeshi ili baadaye wajaze safu za jeshi la koloni. Wengi hawakufika huko wakiwa mayatima. Walifanywa mayatima na misafara ile ile iliyowakusanya. Hapo msomaji wa Kivu au Ituri atakumbuka neno kadogo, lililozoeleka mwaka 1996, na atajua kwamba mtoto mwenye bunduki hakuanza katika vita vya juzi.

Siwezi kusema Carton de Wiart alifikiri nini juu ya haya, na sitamtilia maneno kinywani. Lakini Kongo haikuwa habari ya mbali kwake. Mdogo wake, Edmond, alikuwa katibu wa Leopold wa Pili katika miaka ya mwisho ya mfalme huyo. Waziri wa Makoloni alikuwa rafiki yake wa ujanani. Taarifa ya tume iliyochunguza maovu ya Kongo ilikwisha kuchapishwa mwaka 1905. Aliyewaonea huruma watoto wa Marolles hakuhitaji kusafiri kwenda Boma ili ajue.

Kutoka Brussels hadi Geneva

Julai 1913 wajumbe kutoka nchi nyingi walikutana Brussels katika kongamano la kwanza la kimataifa la ulinzi wa watoto. Walitaka kuanzisha ofisi ya kudumu ya kimataifa. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 4 mwaka 1914, majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji.

Waziri wa Sheria akageuka kuwa mjumbe. Septemba 1914 aliongoza ujumbe uliovuka bahari ya Atlantiki kumweleza Rais Woodrow Wilson wa Marekani maovu yaliyotendwa dhidi ya raia wa Ubelgiji. Serikali yake ilikimbilia Sainte-Adresse, karibu na Le Havre nchini Ufaransa, ikaishi huko miaka minne ikitawala kipande kidogo cha ardhi na koloni kubwa. Ni katika kipindi hicho, Septemba 1916, ambapo askari wa Kongo chini ya maafisa wa Kibelgiji waliingia Tabora.

Juliette alibaki Brussels pamoja na watoto wao. Mwaka 1915 Wajerumani walimkamata wakimtuhumu kusambaza maandishi yaliyopigwa marufuku na kupitisha barua kwa siri, wakamsafirisha na kumfunga Ujerumani. Mwanamke aliyeshughulika na wafungwa akaijua selo kwa macho yake. Alipoachiwa, alimfuata mumewe uhamishoni. Sisi ambao tumeishi mbali na kwetu tunajua jinsi mlango wa nyumba unavyoweza kufungwa na serikali, na kwa sababu hiyo ukurasa huu wa maisha yao huniwia mgumu kuupita haraka.

Novemba 1920 Carton de Wiart akawa Waziri Mkuu. Serikali yake ya mseto haikudumu zaidi ya Disemba 1921, lakini katika muda huo mfupi ilipitishwa sheria ya saa nane za kazi kwa siku, na ukatiwa saini muungano wa kiuchumi na Luxembourg. Ilipitishwa pia, Juni 27 mwaka 1921, sheria ya mashirika yasiyo ya faida. Wahamiaji wa Kiafrika mjini Brussels waliifahamu vizuri sheria hii bila kumjua waziri mkuu wa siku zake: kwa miongo mingi, hadi ilipofutwa na kanuni mpya mwaka 2019, karibu kila chama cha Wakongo, Warundi au Wanyarwanda, cha mazishi au cha ngoma, kilisajiliwa chini yake.

Mwezi uliofuata, Julai 1921, kongamano la watoto lilikutana tena Brussels na kuunda chama cha kimataifa cha ulinzi wa watoto. Kazi zake baadaye zilichukuliwa na Shirikisho la Mataifa lililotangulia Umoja wa Mataifa, ambalo Septemba 1924 lilipitisha mjini Geneva tamko la kwanza la haki za mtoto. Carton de Wiart mwenyewe aliiwakilisha nchi yake katika Shirikisho hilo kuanzia mwaka 1928, na baadaye akawa rais wa Umoja wa Mabunge Duniani tangu mwaka 1934 hadi 1947. Alipewa cheo cha kaunti. Alizeeka akiwa mtu wa kuheshimiwa.

Jina la amri

Katika majira ya kiangazi ya mwaka 1950 mzee huyo, akiwa na umri wa miaka 81, aliitwa tena kuwa Waziri wa Sheria. Ulikuwa wakati mbaya. Mfalme Leopold wa Tatu alikuwa amerudishwa nchini, migomo ikapamba moto, na Julai 30 askari polisi waliwapiga risasi na kuwaua waandamanaji huko Grâce-Berleur, karibu na Liège, mji wa riwaya yake. Mfalme alikabidhi madaraka kwa mwanawe, na serikali ikaondoka Agosti.

Miezi minne baadaye, Disemba 6 mwaka 1950, ilitolewa hatimaye amri iliyoiletea Kongo hakimu wa watoto. Carton de Wiart alikuwa hai. Alifariki Mei 6 mwaka 1951 huko Uccle, pembezoni mwa Brussels, akiwa bado mbunge.

Yatazameni majina ya maandishi haya mawili. Lile la Ubelgiji la mwaka 1912 liliitwa sheria ya ulinzi wa watoto. Lile la Kongo la mwaka 1950 liliitwa amri juu ya watoto wahalifu. Utaratibu wa hakimu ulifanana kwa mengi, lakini mtoto wa Kongo aliingia katika sheria kwa mlango wa kosa lake. Amri hiyo iliendelea kutumika baada ya uhuru wa mwaka 1960, ikapita utawala wote wa Mobutu na vita viwili vikubwa, na ilibadilishwa tu na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 10 mwaka 2009. Sheria hiyo ya Kinshasa ndiyo iliyoweka mahakama za watoto na kuwaondolea kabisa dhima ya jinai wale wasiotimiza miaka 14. Tanzania Bara ilipitisha Sheria yake ya Mtoto mwaka huo huo.

Ubelgiji nayo haikuwa imemaliza kazi. Sheria mpya ya mwaka 1965 iliacha mwanya wa kumweka kijana katika gereza la kawaida kwa siku 15 ikiwa hakuna mahali pengine. Mwaka 1980 kijana mmoja mwenye uraia wa Morocco alifungwa kwa njia hiyo mara tisa katika gereza la Lantin, jumla ya siku 119, na mwaka 1988 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliihukumu Ubelgiji kwa hilo. Hata hivyo mwanya huo haukuzibwa hadi mwaka 2002.

Lile deni jingine, la ulezi wa serikali huko Kongo, lilichelewa zaidi. Chini ya mfumo uliotokana na amri za miaka ya 1890, watoto waliozaliwa na akina mama wa Kiafrika na akina baba wa Kizungu waliondolewa kwa mama zao na kupelekwa kwenye misheni mbali na kwao. Walikuwa na mama, tena mama waliowataka. Kwenye karatasi waliandikwa kama watoto waliotelekezwa. Baadhi walibadilishwa majina. Waliitwa watoto wa dhambi, wakadharauliwa na Wazungu kwa weusi wao na na Waafrika kwa weupe wao. Jambo hili lilifanyika Kongo, Rwanda na Burundi, wakati ambapo mama wa Brussels aliyetuhumiwa kumtelekeza mwanawe alikuwa na hakimu wa kumsikiliza.

Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali ya Ubelgiji. Wanawake watano waliochukuliwa wakiwa wadogo na kupelekwa katika misheni ya Katende huko Kasai waliona radhi hiyo haitoshi, wakaishtaki serikali. Mwaka 2021 walishindwa katika mahakama ya kwanza. Disemba 2 mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba kitendo cha kuwatoa kwa mama zao kilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na ikaiamuru serikali kumlipa kila mmoja euro 50,000. Wote watano walikuwa wamezaliwa kati ya miaka ya 1945 na 1950. Wakati Carton de Wiart alipoapishwa kuwa Waziri wa Sheria kwa mara ya mwisho, walikuwa watoto wachanga na wa chini ya miaka sita.